Kushindania Mifupa

Swali hili lilinijia siku mwanafunzi wangu mmoja, hapa Same chini ya milima ya Upare, alipoificha juzuu ya mwenzake ili yeye awe wa kwanza kusoma mbele yangu. Alisoma vizuri, hakukosa hata herufi. Je, nimsifu?

Nikakumbuka kisa cha Cope na Marsh, Wamarekani wawili waliochimbua mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Walijuana Berlin katika miaka ya 1860, wakapendana hata kila mmoja akamwita mnyama kwa jina la mwenzake. Kisha ikaingia husuda. Cope alipokosea akakitia kichwa cha mnyama wa baharini mkiani, alihangaika kuvikusanya vitabu vyake ili aibu isienee. Mwaka 1872 wakawapa wanyama wa aina moja majina mbalimbali, kila mtu akidai lake ndilo. Bwana Leidy, mtaalamu mpole aliyewatangulia wote wawili, akajitenga na uwanja ule kwa kuchoshwa na ugomvi.

Utaniambia: lakini bila mashindano hayo tungejuaje habari za dinosaria wengi kiasi kile? Ni kweli, na elimu ile imebaki. Ila hapana anayeweza kuhesabu ambayo Leidy angetufunulia lau angeachwa afanye kazi yake. Husuda huonyesha ilichokileta, ilichokizuia hatukioni.

Mashindano hayo yalifika na kwetu, safari hii baina ya mataifa. Mwaka 1908 tajiri Carnegie wa Marekani aliipa Berlin mfano wa mifupa ya dinosaria wa kwao. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kuchimba Tendaguru, Lindi, hadi 1913; Waingereza wakafuata 1924. Mamia ya watu wetu walichimba, wakabeba mizigo kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, hodari wa kuitambua mifupa. Majina ya mabwana yaliandikwa upesi. Lake lilipewa dinosaria mwaka 2007. Na bila yeye wangeshindania nini?

Basi nilimwambia yule kijana kwamba kisomo chake ni kizuri na kitendo chake ni kibaya, wala kimoja hakikifuti kingine. Nikamtaka airudishe juzuu, kisha akae amfuatishe mwenzake mpaka amalize. Walitoka baada ya alasiri, na aliyefichiwa ndiye aliyebeba viatu vya wote wawili.