Nasaha kwa Mtu Mpole Aendaye Kuulizwa kwa Ajili ya Kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, S.A.W., na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Katika nchi ya Mchinga, na pwani yote tangu Kilwa hatta Lindi, zilikuwako zamani ambazo mtafuta kazi hakuulizwa maneno mengi. Wadachi walipochimba mifupa mikubwa ya wanyama wa kale huko Tendaguru, tangu mwaka 1909 hatta 1913, wapagazi waliichukua vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Na mpagazi hutazamwa mabega yake, hatazamwi ulimi wake. Zamani hizo zimepita. Leo kijana amesoma, ana cheti cha uuguzi au cha ualimu, na kazi nyingi za Serikali hupitia katika Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Maombi hupelekwa kwa mtandao, kisha mwombaji huitwa katika usaili: mtihani wa kuandika, na kwa kazi nyingine mtihani wa vitendo, na mwisho mahojiano ya ana kwa ana. Hatta walimu, waliokuwa wakipangiwa vituo pasipo kuulizwa, waliingia katika usaili huo mwaka 2025.

Basi yuko kijana mpole, msemaji wa maneno machache. Baba yake ameuza ufuta, mama yake ametoa akiba ya korosho, nauli imepatikana. Kazi yake aijua vema. Walakini akikaa mbele ya watu watatu asiowajua, koo humkauka na maneno humkimbia, akarudi nyumbani na majibu yake kifuani. Jirani husema, "Haya zimemponza." Naye hujiuliza katika nafsi yake: Je, haya si katika imani? Itakuwaje basi jambo la imani limfungie mtu mlango wa riziki? Swali hili ni kubwa, na jibu lake limo katika dini.

MLANGO WA KWANZA: Haya na khofu si kitu kimoja

Ni kweli kwamba Mtume, S.A.W., amefundisha kuwa haya ni tawi katika matawi ya imani. Lakini haya ni kumzuia mtu asifanye baya. Likiwapo jambo la kumzuia mtu asitende jema, wala asiseme haki aliyoulizwa, hiyo si haya, ni khofu iliyovaa kanzu ya haya.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba siku moja Mtume, S.A.W., aliwauliza masahaba zake juu ya mti usiopukutika majani, ulio mfano wa Mwislamu. Watu wakafikiri miti ya jangwani. Abdallah bin Umar, naye alikuwa kijana mdogo katika kikao kile, lilimjia moyoni jibu lenyewe, kuwa ni mtende; akaona haya, akanyamaza. Baadaye akamweleza baba yake. Sayyidna Umar hakumsifu kwa kunyamaza kwake, bali alimjulisha kuwa lau angalisema, jambo hilo lingalikuwa kipenzi kwake kuliko mali. Tazama, ewe msomaji: kijana yule alikuwa na jibu, na adabu alikuwa nayo, kilichopungua ni kulitoa jibu wakati wake.

Tena katika Sura ya Al-Qasas imesimuliwa khabari ya binti wa Madyan aliyetumwa na baba yake kumwita Nabii Musa, A.S. Qurani imetaja kuwa alikwenda hali ya kuona haya. Lakini alipofika hakutafuna maneno. Alisema ni nani amwitaye, na kwa sababu gani amwita. Haya ilikuwa katika mwendo wake, ujumbe wake ulikuwa timamu. Hiyo ndiyo haya iliyo kamili.

MLANGO WA PILI: Kujieleza si kujisifu

Watu wengi wapole hukwama hapa. Akiulizwa, "Wewe unafaa kwa nini katika kazi hii?" moyo wake humwambia kuwa kujitaja ni kiburi, na Mwenyezi Mungu amekataza mtu kujitakasa nafsi yake. Kweli amekataza. Lakini Nabii Yusuf, A.S., mbele ya mfalme wa Misri, aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kuwa ni mlinzi mwaminifu, na kuwa ni mjuzi. Hakutaja uzuri wake wala nasaba yake. Alitaja yale tu ambayo kazi ile iliyahitaji, kwa kuwa miaka ya njaa ilikuwa mbele na watu wangeangamia.

Basi mwenye kuulizwa na ajihesabu kama shahidi. Shahidi haongezi, na shahidi hafichi. Aliyezalisha mama wajawazito katika mazoezi ya chuo, na aseme ni wangapi na alifanya nini. Asiyepata kufanya, aseme hakupata. Akisema zaidi amedanganya. Akificha, ameficha ushahidi, na huenda zahanati ikakosa mwuguzi mwema kwa sababu ya kimya chake. Mzee wa Madyan alipoelezwa juu ya Musa, binti yake alimtajia mambo mawili: nguvu na uaminifu. Hatta leo wasaili wanayatafuta mambo hayo hayo mawili: je, aiweza kazi, na je, yu mwaminifu?

MLANGO WA TATU: Kujiandaa

Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni alijua kuwa ulimi wake una fundo. Hakukataa kwenda, wala hakujifanya msemaji. Alimwomba Mola wake amkunjulie kifua chake, amfanyie jambo lake jepesi, na amfungulie fundo la ulimi. Kisha akaomba apewe ndugu yake Harun awe msaidizi. Humo mna mafundisho mawili: dua, na kutaka msaidizi. Kijana mpole na atwae mtu mmoja anayemwamini, ndugu au rafiki, amkalishe mbele yake amwulize maswali, leo na kesho na kesho kutwa, naye ajibu kwa sauti. Kujibu moyoni hakutoshi. Ulimi usiozoezwa hausikii amri ya moyo.

Yuko kijana Mchinga asiyeweza kusema barazani mbele ya wazee watano, na usiku wa Maulidi husimama akasoma mlango wake wa Barzanji mbele ya umati mzima, wala sauti haimkatiki. Kwa nini? Kwa sababu ameushika, ameurudia mara nyingi mbele ya mwalimu. Upole wake haukuondoka. Kilichoondoka ni ugeni wa maneno. Hivyo na asome tangazo la kazi neno kwa neno, ajue majukumu yaliyoandikwa, na kwa kila jukumu atayarishe habari moja fupi ya kweli ya jambo alilolifanya.

Na vyeti vyake avitazame mapema. Wasaili hutaka vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hati za matokeo tu hazikubaliwi. Na jina likiwa limeandikwa Shabani katika cheti kimoja na Shaaban katika kingine, ashughulikie hati ya kiapo kabla ya safari. Nahodha hashoni tanga baharini kusi ikiisha kuvuma.

Pia na ajihadhari na njia mbili mbovu. Ya kwanza ni rushwa. Wako wasemao kuwa mkono mtupu haulambwi. Lakini Mtume, S.A.W., amemlaani mtoaji na mpokeaji, na mshahara uliofunguliwa kwa laana hauna baraka. Ya pili ni hirizi ya kuwafumba macho wasaili. Fedha ya mganga ni bora iwe nauli ya kufika siku moja kabla, mtu apate kulala.

MLANGO WA NNE: Siku yenyewe

Na asali Alfajiri yake, avae nguo safi, afike mapema. Akiingia, asalimu kwa adabu, akae atakapoambiwa. Akiulizwa, asikimbilie kujibu. Kimya kifupi cha kufikiri si aibu, Mtume, S.A.W., alimsifu Ashajj wa Abdul-Qays kwa upole na utulivu, akasema ni mambo mawili ayapendayo Mwenyezi Mungu. Hii ndiyo fadhila aliyo nayo mtu mpole kuliko msemaji: husikiliza swali mpaka mwisho, na jibu lake halina makapi. Asiposikia, na aombe kurudiwa. Asipojua, na aseme kuwa hajui. Imam Malik alikuwa akiulizwa maswali mengi naye akasema "sijui", wala elimu yake haikupungua. Sauti yake imfikie aliye mbali zaidi mezani, ikitosha hapo imetosha. Hakutakiwa kuwa mtu mwingine. Musa na Harun waliamrishwa waseme na Firauni kwa maneno laini, wakaahidiwa kuwa Mola yu pamoja nao, anasikia na anaona.

KHATIMA

Akipata, na ashukuru, akumbuke ufuta wa baba na korosho za mama. Asipopata, na ajue kuwa Musa, kabla ya kupata ajira Madyan, alikaa kivulini hana kitu, akamwomba Mola wake kwa unyenyekevu. Na hakuacha kuwateka maji waliohitaji. Aandike maswali yaliyomshinda, arudi kwa Harun wake, ajizoeze tena. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akategemea.

Ewe Mola, wakunjulie vifua vijana wa Mchinga na wa pwani yote, uwafungulie mafundo ya ndimi zao, uwape riziki ya halali. Amin.

Wallahu aalam.