Tone la Maji

Kuna jaribio moja ambalo fundi wa viti vya gari hulifanya kabla hajagusa ngozi. Anachovya kidole kwenye maji, anadondosha tone moja mahali pasipoonekana, labda kando ya mshono wa nyuma, kisha anangoja. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la nduma, ngozi hiyo imepakwa: ina rangi na utando wa plastiki juu yake. Tone likizama na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi. Rangi yake imeingia hadi ndani, lakini hakuna kilichoifunika. Ukiinama utaona vitundu vya vinyweleo, alama za kupe, na mkwaruzo wa seng'enge aliopata ng'ombe akiwa hai.

Hayo nilijifunza Kariobangi, kule Light Industries, mwaka nilioacha chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu. Nyumbani hakuna aliyejua.

Ngozi iliyo wazi ina shida zake. Kiwandani hutiwa mafuta ili nyuzi zake ziteleze zinapokunjwa. Gari likianikwa juani miaka nenda miaka rudi, mafuta yanapungua, unyevu unatoka, nyuzi zinashikana, na kiti kinakuwa kigumu kama kiatu kilichonyeshewa kikakaushwa jikoni. Dawa yake haina haraka. Unafyonza vumbi, unapangusa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo sana, unaacha ikauke kivulini. Halafu unapaka mafuta ya ngozi, safu nyembamba, unasugua kwa mviringo, unalala. Kesho unapangusa yaliyobaki na kurudia. Ukipaka mengi kwa pupa, ngozi inalegea na nyuzi za mshono zinaweza kuoza. Kuna mafuta ya zamani ya kazi hii yanayotokana na mifupa ya miguu ya ng'ombe. Yaani ng'ombe anapakwa ng'ombe. Na hata ukifanya yote sawasawa, ngozi itakolea rangi kidogo, na ufa uliokwisha kupasuka haufungi. Kinacholainika ni kile ambacho bado ni kizima.

Siku moja mteja alileta gari la zamani la Kiingereza. Alitaka kuliuza Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi akadondosha tone lake, likazama. Akamwambia, "Mzee, hii inataka wiki." Mzee akacheka. "Fundi, mimi nataka ing'ae tu. Mambo ya wiki ni ya huyo atakayenunua."

Fundi alinitazama, akanionyesha kopo la rangi. Nikajaza nyufa, nikapiga rangi, nikamalizia na ile polishi ya silikoni inayotumika kwa dashibodi. Kwa saa chache viti vikawa kama vimetoka dukani. Nililipwa, nikanunua chapati na madondo, nikashiba. Kusema ukweli, nilijivunia ile kazi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hawakutuambia lolote kuhusu kijana anayekipaka kibaya rangi kwa kibarua cha siku. Je, nilidanganya? Sikusema neno lolote kwa mnunuzi, hata sura yake siijui. Kabla sijaacha chuo tulisoma Kant, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Darasani tulimcheka. Pale gereji nilimkumbuka, na bado sikukubaliana naye. Kufunika si dhambi kila mara. Matatu ikiwekwa ngozi iliyo wazi, kwa jasho, mafuta ya karai na matope ya watu wote wale, haimalizi msimu. Ndiyo maana wanaweka reksini. Mtu naye ana haki ya reksini yake. Si kila abiria anayekaa juu yako anastahili kuziona alama zako za kupe.

Kilichonisumbua ni kitu kingine, na sikukielewa hadi nilipompakia mteja mwingine mafuta kwenye kiti kilichofunikwa. Hayakuingia. Yalikaa juu yakinata, yakikusanya vumbi. Fundi akaniambia, "Kijana, unapoteza mafuta. Hapo juu ni plastiki. Hiyo ngozi chini haijui kama unaipaka."

Jioni hiyo Mama alinitumia pesa ya hosteli kwa simu, kama kila mwezi. Akauliza, "Masomo?" Nikajibu, "Poa, Mama, tumebanwa tu na CAT." Na siku zote hizo nilikuwa nikilalamika moyoni kwamba hakuna anayenijali. Alinijali. Alikuwa akiuza ndengu zake ili amjali mwanafunzi ambaye hayupo. Pesa yake, maombi yake, vyote vilikuwa vinatua juu ya ule utando. Mimi niliyekuwa chini, nikilala kwenye godoro la rafiki na kuandika makala za watu usiku, sikupata hata tone.

Huo ndio ubaya wa uongo ambao hatuusemi sana. Tunahesabu anayedanganywa amepoteza nini. Hatuhesabu kwamba anayedanganya amejifungia nje ya wema ambao tayari ulikuwa njiani kwake. Mnunuzi wa lile gari pengine angeweza kuviokoa viti vyake, kama angejua vina kiu. Mimi nilimnyima hiyo nafasi.

Nilimpigia Mama Jumapili. Alinyamaza hadi nikatazama kioo cha simu kuona kama laini imekatika. Kisha akauliza, "Na ile pesa?" Nikamwambia nimekula. Akakata.

Hakunipigia mwezi mzima. Pesa ya hosteli haikuja tena, na haikupaswa kuja. Kuna mambo kati yetu yamepasuka na sidhani yatafunga. Lakini wiki jana kondakta wa basi la Kitui alinipigia nikachukue mzigo: ndengu, kilo mbili, zimefungwa kwenye gazeti. Nilizichemsha usiku huo. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, nilikula chakula cha Mama akiwa anajua anamlisha nani.