Mashindano ya Wanyama na Uadilifu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa katika darsa yetu hapa Mbwajumali: Je, mbio za wanyama zina ubaya katika dini? Swali hili latuhusu, kwani sisi ni watu wa punda. Visiwani kwetu punda ndiye mchukuzi wa mawe na mizigo, na katika siku za Maulidi ya Lamu vijana hushindana juu ya migongo ya punda, na watu hujaa pwani kutazama.

Jawabu yetu ni kwamba mbio zenyewe hazina ubaya. Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kuwa Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi. Waliozoezwa walianzia Hafyaa hata Thaniyatul Wadaa, mwendo wa kadiri ya maili 5 au 6. Na wasiozoezwa walianzia hapo Thaniya hata msikiti wa Bani Zuraiq, kadiri ya maili 1. Zingatieni, ndugu zetu: mwenye nguvu na dhaifu hawakutiwa katika mwendo mmoja. Tena Abu Daud amepokea kuwa alikataza *jalab* na *janab* katika mashindano. Jalab, kama walivyoeleza wanavyuoni, ni kumweka mtu nyuma ya farasi ampigie makelele azidi mbio. Na janab ni kuongoza farasi wa pili ubavuni, ili wa kwanza akichoka mpandaji ahamie wa pili.

Basi tazameni ulimwengu wa leo. Kuna mbio za farasi za masafa marefu, hata kilomita 160 kwa siku moja, chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi. Njiani huwekwa vituo ambapo madaktari wa wanyama humpima farasi: hapiti mpaka mpigo wa moyo wake ushuke, mara nyingi hata 64 kwa dakika, wala hapiti akichechemea. Na katika majangwa ya Ghuba yamelalamikiwa magari yanayowafuata farasi kwa makelele na honi. Je, hii si jalab ile ile?

Yatuhuzunisha kusema kuwa malalamiko makubwa yametoka katika nchi za ndugu zetu. Mwaka 2009 mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid, alisimamishwa miezi 6 kwa kuwa farasi aliyempanda alikutwa na dawa iliyokatazwa. Kwani kanuni humwajibisha mpandaji, hata dawa ikiwa imetiwa na mwengine. Wakati huo raisi wa Shirikisho alikuwa mkewe, Princess Haya, na hukumu ikapita vile vile. Mwaka 2015 shirikisho la Falme za Kiarabu lilisimamishwa kuanzia Machi hata Julai, baada ya shutuma juu ya farasi waliovunjika miguu na kufa. Na mashindano ya dunia ya 2016, yaliyokuwa yafanywe Dubai, yakahamishiwa Samorin, Slovakia.

Wako wasemao: Hii ni husuda ya Wazungu tu. Sisi twasema: Qurani imetuamrisha kusimamisha haki hata juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu, awe mtu tajiri au masikini. Na Mtume alipoombewa mwanamke mtukufu wa Bani Makhzum aliyeiba, aliwaonya watu kuwa umma za kale ziliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge. Neno la haki halipungui uzito kwa kutoka kinywani mwa mgeni.

Lakini tusiwacheke wa mbali na huku kwetu kuna fimbo. Mtume alipompita punda aliyetiwa chapa usoni, alimlaani aliyefanya hayo. Haya ameyapokea Muslim. Basi huyu apigaye punda mwenye kidonda ili apate kusifiwa pwani, atajibu nini? Tangu 1987 pana matibabu ya punda mjini Lamu bila ya malipo; hakuna udhuru.

Kwa hivyo yatupasa haya: punda mgonjwa asishindanishwe, walio sawa washindane na walio sawa, mwamuzi asiwe na sehemu katika ushindi. Ama zawadi, katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa yafaa hata kwa punda, ikitolewa na asiyeshindana. Lakini washindani wote kutoa fedha, kisha mmoja akazichukua, hiyo ni kamari, na kamari ni haramu.

Alikuwapo ngamia wa Mtume aitwaye Adhbaa, hakuwa akishindwa. Akaja bedui na ngamia wake akamshinda. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafundisha kuwa hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Yeye hakutafuta hila wala udhuru. Ikiwa yeye alikubali kushindwa, sisi ni nani hata tudhulumu mnyama kwa ajili ya kushinda?

Mwenyezi Mungu atuongoze katika uadilifu. Amin.