Je, Chungwa Hulipa Deni la Sigara?

Yako maneno yasikikayo sana mabarazani mwetu. Mvuta sigara akionywa hujibu: "Mimi nala vizuri, matunda nala, na tembe za vitamini nanunua. Moshi utanidhuru nini?" Maneno haya yana sura ya hoja, basi yapasa kujibiwa kwa hoja wala si kwa makemeo.

Kwanza natuutazame mwili wenyewe. Mwanadamu hawezi kujitengenezea vitamini C. Sharti aipate katika chakula. Akiikosa kwa miezi, fizi humtoka damu na madonda yake hayaponi. Merikebu za Vasco da Gama zilipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mabaharia wake walikuwa wamekwisha kuteswa na maradhi hayo. Mfalme wa mji aliwapelekea machungwa na malimau, na mwandishi wa safari yao akaandika kuwa wagonjwa walipona hapo. Lakini sifa aliipa hewa ya mji. Hata mwaka 1747 ndipo James Lind, tabibu wa manowari ya Uingereza, alipowajaribu mabaharia 12 akaona kuwa waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenziwao.

Ama moshi wa tumbako, umejaa vitu viunguzavyo chembe za mwili, na vitamini C hutumika katika kuvizuia. Kwa hiyo damu ya mvutaji aghalabu huwa na vitamini hiyo kidogo kuliko ya asiyevuta, hata wakila chakula kimoja. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walikadiria miligramu 90 kwa siku kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, na mvutaji wakamwongezea 35.

Hapo mvutaji atafurahi: "Miligramu 35 ni kama nusu ya chungwa. Deni langu limelipika!" La, halikulipika. Vitamini iliyopungua si dhara yote, bali ni alama yake, kama askari waliouawa mlangoni walivyo alama kuwa adui ameingia. Kuleta askari wapya si kumtoa adui, khasa ikiwa mwenye nyumba mwenyewe ndiye amfunguliaye mlango kila saa. Mapafu, moyo na mishipa huendelea kuumia.

Na wako waliojaribu kulilipa deni hili kwa tembe. Huko Ufini walichaguliwa wanaume wavutaji 29,133, na baadhi yao wakapewa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa ndio walioonekana kupatwa zaidi na saratani ya mapafu, kwa kadiri ya 18 katika mia. Mwaka 1996 jaribio jingine la Marekani likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu kama hiyo.

Sasa tuingie katika akhlaki. Mtu ampigaye jirani yake asubuhi, jioni akampelekea dawa, na kesho akampiga tena, je, twaweza kusema kuwa amemtimizia haki? Sote twajua kuwa sharti la toba ni kuliacha tendo. Fidia huja baada ya kuacha, wala haiwi ruhusa ya kuendelea. Ikiwa jirani ana haki hiyo, mwili tuliopewa kuwa amana una haki gani?

Labda atasema, "Mwili ni wangu." Lakini watoto wavutao moshi wa wakubwa nyumbani nao wameonekana kuwa na vitamini C pungufu, na mtoto hakuulizwa wala hakuridhia. Basi hoja ya "wangu" yakomea palipo na pumzi ya mwingine.

Ndugu msomaji, kula machungwa na mapera, uwape na wanao. Ni neema na afya. Lakini usiyafanye kafara ya sigara. Na anayetaka kuiacha tusimcheke akishindwa mara ya kwanza, kwani tumbako hufunga watu kweli kweli. Tumsaidie, na tumpeleke kwa tabibu. Tunda humfaa mwenye kuacha. Mwenye kuendelea humpa faraja tu, na faraja ya uongo nayo ni dhara.