Bastola ya Kiunoni ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Tumeulizwa suali na ndugu yetu mmoja, mfanyabiashara wa mji huu. Ndugu huyu alivamiwa mara mbili dukani mwake wakati wa kufunga. Baada ya mara ya pili alikwenda akaomba leseni, akapewa, akanunua bastola ndogo, na tangu siku hiyo huivaa kiunoni chini ya kanzu tangu atokapo nyumbani hata arudipo. Ijumaa moja aliporukuu katika safu, kanzu ikambana, na waliokuwa nyuma yake wakaliona umbo la kile alichokivaa. Alipotoa salamu na kugeuka, alikuta watu wawili wamekwisha hamia safu nyingine. Jambo hilo lilimuuma sana. Alitujia baada ya darsa akatuuliza: “Je, nimetenda haramu? Leseni ninayo, nami ndiye niliyedhulumiwa, wala sijamgusa mtu.”

Tumeona tulijibu suali hili hapa, kwa kuwa si lake peke yake. Wako wengi mijini mwetu wanaoitamani silaha hii, na wako wanaoichukia, na makundi yote mawili husema bila ya kupima.

Kwanza twasema: hapana hitilafu baina ya maulamaa kwamba mtu ana haki ya kuilinda nafsi yake, ahali zake na mali yake. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba mwenye kuuawa akiilinda mali yake ni shahidi. Na katika Sura ya Nisaa Waislamu walio katika khofu ya adui wameamrishwa kuchukua silaha zao hata ndani ya Sala. Basi chuma hakiharibu Sala, na mwenye kukichukua kwa haja ya kweli hana lawama kwa kukichukua tu. Wanaosema kwamba kila mwenye silaha ni mtu muovu, wamesema wasilolijua.

Lakini Sheria iliyompa mtu haki hii ndiyo hiyo hiyo iliyoiwekea mipaka, na wengi huishika haki wakaiacha mipaka. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi, akiwemo Imam Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj, wameeleza kwamba mshambuliaji huzuiliwa kwa jambo jepesi kabla ya zito. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia fimbo. Na akizuilika kwa fimbo, ni haramu kutumia upanga. Na iwapo mtu aweza kukimbia akasalimika, basi kauli ya madhehebu ni kwamba yampasa akimbie, na kupigana ni haramu juu yake. Ama mali, kuipigania ni ruhusa, wala si wajibu; mwenye mali akiiacha iende hapati dhambi. Na mwizi aliyekwisha geuza mgongo akikimbia, shari yake imeondoka. Mwenye kumpiga risasi mgongoni hajikingi, bali analipiza kisasi, na kisasi si kazi ya mwenye duka.

Sasa na tuitazame bastola kwa mizani hii. Fimbo ina daraja: waweza kuitikisa, waweza kupiga mguu, waweza kuacha. Mkono una daraja. Bastola haina ila daraja moja, nayo ni ya mwisho. Risasi ikishatoka hairudi wala haipunguzwi, na yaweza kumpita mwizi ikamwangukia mtoto aliyetumwa mkate. Naye mwenye kuua kwa makosa, hata kama nia yake ilikuwa safi, yampasa dia kwa jamaa wa aliyekufa, na yampasa kafara, nayo kwa zama hizi zisizo na watumwa wa kuacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Basi atakayeivaa silaha hii na afahamu kwamba ameruka daraja zote za chini, na kwamba nafasi ya kupima aliyopewa na Sheria imebaki katika akili yake tu, na kwa muda usiozidi kupepesa jicho.

Hapa ndipo palipo na kiini cha maneno yetu. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili naye yumo katika ghadhabu. Mfikirini kadhi: ameketi kitini, vitabu viko mbele yake, mashahidi wamehudhuria, na muda anao, juu ya hayo, akighadhibika haruhusiwi kuhukumu hata katika kesi ya mbuzi. Ama mwenye bastola kiunoni ni kadhi, na shahidi, na mwenye kutimiza hukumu, vyote kwa wakati mmoja, na kesi iliyo mbele yake ni ya roho. Tena yeye hahukumu ila katika khofu au katika ghadhabu, kwani hapana atoaye bastola akiwa ametulia. Basi suali la kumuuliza ndugu yetu si “Je, waruhusiwa kujikinga?” Hilo limekwisha. Suali ni hili: “Je, nafsi yako yaweza kuaminiwa na roho ya kila mtu unayepita naye, kutwa nzima, kila siku?” Maana gari litakugonga ubavuni njiani, kijana atakutukana sokoni, mdeni wako atakukana mbele za watu, na siku zote hizo chuma kipo kiunoni kinakungoja. Kwa hivyo twasema bastola, ijapokuwa imenunuliwa kwa fedha ya mtu, ni amana ya watu wote wanaomzunguka.

Wako watakaotuambia: “Mbona wazee wetu walivaa majambia na panga, na hapana aliyewalaumu?” Ni kweli walivaa, na mpaka leo katika Oman khanjari huvaliwa siku za sherehe. Lakini jambia huvaliwa mbele ya tumbo, kila mtu akaliona. Mwenye kutaka kujihadhari hujihadhari, na mwenye kulivaa hujua kwamba anatazamwa, akajichunga. Bastola ndogo imefanywa ndogo ili ifichike. Mwenye kuificha amewaondolea watu uwezo wa kujihadhari, na amejiondolea macho ya watu yaliyokuwa yakimchunga. Na khabari za dunia zimejaa mambo ya silaha hiyo. Abraham Lincoln wa Marekani alipigwa risasi mwaka 1865 kwa bastola ya kuingia mfukoni. Gandhi aliuawa kwa bastola mwaka 1948 akielekea kwenye maombi. Na katika nchi yetu Tom Mboya aliuawa kwa bastola mchana, mjini Nairobi, tarehe 5 Julai 1969. Hatumlinganishi ndugu yetu na wauaji, Mungu apishe mbali. Twasema tu kwamba kitu kilichofichwa kinataka ucha Mungu zaidi kuliko kilicho wazi, kwa kuwa aonaye ni Mungu peke yake.

Wengine watatuambia: “Itazameni Marekani, kila mtu ana silaha yake, na mwizi huogopa.” Basi na tuitazame. Mwaka 2022 mahakama kuu ya nchi hiyo iliibatilisha sheria ya dola ya New York iliyomtaka mtu athibitishe haja maalumu kabla ya kuruhusiwa kuchukua bastola nje. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2021, waliokufa kwa silaha za moto katika Marekani walikuwa 48,830. Na zaidi ya nusu yao, watu 26,328, hawakuuawa na mwizi wala na adui, bali walijiua wenyewe. Tena mwaka 2020 wataalamu walitoa uchunguzi wao juu ya watu wa California, wakaona kwamba wanaume wenye bastola walikuwa wakifa kwa kujipiga risasi mara nane zaidi ya wanaume wasiokuwa nayo. Zingatieni, ndugu zetu. Mtu huinunua kwa ajili ya mgeni muovu atakayekuja usiku, kumbe hatari iliyo karibu zaidi ni saa moja ya huzuni yake mwenyewe, au ya mkewe, au ya mwanawe. Katika nyumba isiyo na bastola saa ile hupita, na mtu akaamka asubuhi akamshukuru Mola wake. Bastola haingoji asubuhi.

Ikiwa baada ya haya yote haja ipo, na haja yaweza kuwapo, basi amana hii ina adabu zake, nazo si mpya. Mtume (S.A.W.) amemwamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake, asimjeruhi Muislamu. Amekataza kupeana upanga ulio nje ya ala. Amekataza kumwelekezea ndugu chuma, hata kwa mzaha, hata akiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mwenye kuzifahamu Hadithi hizi tatu amekwisha fahamu zaidi ya nusu ya yale wanayofundisha walimu wa shabaha leo.

Ama utunzaji wake, wenye ujuzi hufundisha hivi. Kabla ya kuisafisha, kasha la risasi hutolewa kwanza, kisha sehemu ya juu huvutwa nyuma na chemba hutazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Maana kasha likitoka, risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na kwa risasi hiyo moja watu wengi wamewaua wapenzi wao wakidhani chuma ni kitupu. Mtutu husuguliwa kwa burashi yake, na mafuta hutiwa kidogo, kwani yakizidi hushika vumbi. Sisi watu wa pwani tuna upepo wa chumvi na jasho la mwili, navyo hula chuma upesi. Basi mwenye kuivaa ngozini asipoiangalia mara kwa mara huchukua kitu kilicho na kutu, kitakachomsaliti siku ya haja. Kidole hakigusi kifyatulio ila kwa azma. Ikiwa nyumbani, hufungiwa katika sanduku la chuma, na risasi mbali nayo, na ufunguo kwa mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwenye silaha hatumii kileo chochote, na akiwa na ghadhabu au huzuni kubwa huitoa kiunoni akaifungia mpaka moyo utulie. Mtu ambaye husafisha mtutu kila wiki, naye hajausafisha moyo wake na chuki kwa jirani, amekitunza chombo akamwacha mwenye kukitumia.

Tena kuna sheria ya nchi. Sheria ya silaha za moto ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mwenye kuomba awe na sababu njema, asiwe mlevi wala asiye timamu wa akili. Na mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wakahakikiwe upya. Kuyatii haya ni katika kutimiza ahadi. Lakini leseni ni ruhusa ya wanaadamu. Haimwambii mtu kama moyo wake wafaa. Hilo atajiuliza mwenyewe.

Na jambo la mwisho ni ile kanuni ya fikihi isemayo kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ndugu yetu aliingiwa na khofu kwa sababu ya fedha taslimu za jioni. Leo, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mnunuzi aweza kulipa bila ya noti moja kuingia dukani. Basi na apunguze noti, afunge duka mapema pamoja na jirani zake, waweke taa na mlinzi kwa shirika. Haja ikipungua, ruhusa nayo hupungua. Na khofu ya saa ya kufunga duka haiwi hoja ya kuichukua silaha arusini, hitimani na msikitini.

Kwa hivyo tulimjibu ndugu yetu hivi: Hukutenda haramu kwa kuipata, na Sala yako ni sahihi. Lakini wale wawili waliohama safu wana haki juu yako, kwa kuwa si halali kwa Muislamu kumtia khofu Muislamu mwenzake. Abdullah bin Umar alichomwa mguuni kwa ncha ya mkuki pale Mina, katika msongamano wa mahujaji, na Al-Hajjaj alipokuja kumzuru akamwambia kwamba yeye Al-Hajjaj ndiye aliyemjeruhi, kwa kuwa ndiye aliyeleta silaha siku isiyoletwa silaha, mahali pasipoingizwa silaha. Msikiti wa mtaa wako una amani. Iache ndani ya sanduku.

Alinyamaza, kisha akatuuliza: “Na wakinijia mara ya tatu, nami sinayo?”

Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba hatuwezi kumdhamini, wala bastola haiwezi kumdhamini. Sayyidna Uthman, katika mwaka wa 35 Hijria, alizingirwa nyumbani mwake, na ndani walikuwamo watu wenye panga, tayari kumpigania. Akawaamrisha waziweke panga zao, isimwagike damu ya Muislamu kwa ajili yake, akauawa. Hatusemi kwamba kila mtu awe Uthman. Twasema kwamba yuko mtu aliyekuwa na haki, na silaha, na watu, akachagua kukutana na Mola wake bila ya damu shingoni mwake, na umma wote haujamwita mwoga.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na maduka yetu, awaongoze vijana wetu walioingia katika unyang’anyi, kwani nao ni watoto wa mitaa hii hii, na azilinde nafsi zetu na shari ya mikono yetu. Amin.