Uvimbe wa taya na jirani asingiziwaye

Mtoto avimbapo taya, huku kwetu Komanda wako waulizao: nani amemloga? Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe mmoja wa namna hiyo: ni kansa.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno. Urithi wa chembe ukiharibika, protini iitwayo p53 hukusanyika katika kiini chake kama mlinzi, ikiizuia isigawanyike. Katika kansa nyingi mlinzi huyo ameharibika. Basi chembe mbovu huongezeka ovyo.

Je, kosa la jirani li wapi? Kumsingizia ni kuvunja amri ya nane. Tena, tukitafuta mchawi, mtoto huchelewa dawa ambazo zingeweza kumponya.