Kusafiri kwa Elimu ya Biashara na Haki ya Warithi

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamuomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu! Baada ya darsa iliyopita alinijia mtu mmoja katika watu wa mji wetu, akaniomba nimsikilize pembeni. Mwanawe amemaliza chuo kikuu hapa Kenya, na sasa amekubaliwa Uingereza kusoma shahada ya pili katika biashara ya kimataifa, masomo ya mwaka 1. Akaniambia: "Sheikh, nimeazimu kuiuza nyumba ya marehemu baba nimpeleke kijana. Lakini elimu yenyewe ni ya dunia. Je, nitakuwa na dhambi?"

Nilimjibu kwamba swali aliloliuliza ni jepesi, na lile asiloliuliza ndilo zito. Naliandika jibu langu hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye jambo hili.

Ama elimu yenyewe, haina lawama. Wazee wetu walifanya biashara ya ng'ambo tangu zamani. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarejea na kusi, na mali za watu zikavuka bahari kwa amana na kwa hesabu. Na katika Qur'ani Tukufu aya iliyo ndefu kuliko zote, nayo ni ya 282 katika Sura ya al-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi dini yenye aya hiyo itamkatazaje kijana kusoma mikataba?

Huko atafunzwa barua ya dhamana ya benki, ambayo kwayo muuzaji wa Mombasa hulipwa na benki akitoa hati zilizotimiza masharti, ijapokuwa mnunuzi hajapata kumuona kwa macho. Atafunzwa kanuni za Incoterms, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1936 na kutengenezwa upya mwaka 2020, zinazoeleza ni mahali gani hatari ya mali humtoka muuzaji ikamwingia mnunuzi. Atafunzwa mapatano ya soko huru la Afrika, yaliyotiwa sahihi Kigali mwaka 2018, na biashara yake kufunguliwa tarehe 1 Januari 2021. Atafunzwa na riba pia. Basi na aisome ili aijue, asiisome ili aile. Haya yote twayahitaji. Yasikitisha kuona bandari iko mlangoni petu, na wengi wetu hatujui kuisoma hati ya shehena.

Walakini, mlango wa kwanza wa biashara, kwa mafakihi na kwa wanasheria, ni huu: mali hii ni ya nani? Mtu hauzi asichokimiliki. Nikamuuliza mzee yule: "Marehemu baba yako aliacha nani?" Akasema: "Mama yetu, nasi wana wanne: wanaume wawili na wanawake wawili." Nikamuuliza: "Mumegawa?" Akasema: "Bado."

Basi tulihesabu pamoja. Nyumba ile ni mafungu 48. Mama ana thumuni yake, mafungu 6. Kila mwana mwanamume ana 14, na kila mwana mwanamke ana 7. Yule aliyeazimu kuiuza nyumba nzima hana hata thuluthi yake! Akasema: "Dada zangu hawajasema neno." Ndugu zangu, kunyamaza kwa dada anayemstahi kaka yake si ridhaa. Mmoja wao ni mjane, na amekaa katika nyumba hiyo na mama yake mzee. Itakapouzwa wataelekea wapi?

Akasema: "Kijana atafanya kazi huko, na yote tutayarejesha." Twaomba iwe hivyo, lakini matumaini si hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilimtaka mwanafunzi anayesoma nje ya London aonyeshe pauni 1,136 za matumizi kwa kila mwezi, mpaka miezi 9; nazo ni pauni 10,224, mbali na karo. Juu ya hayo kulikuwa na ada ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka. Mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na katika mwaka 2025 serikali hiyo ilitangaza kuwa muda wa kubaki huko baada ya kufuzu utapunguzwa kutoka miaka 2 mpaka miezi 18. Je, nyumba ya mjane yawekwa rehani kwa matumaini kama haya?

Wala simwambii kijana akae. Namwambia baba: gawa mirathi kwanza, kila mtu ashike chake. Kisha fungu lako ni lako; liuze ukipenda, na dada atakayetoa chake kwa moyo mweupe, Mungu atamlipa. Usiikimbilie riba kwa kuikimbia dhuluma. Na kijana naye ajitahidi kutafuta ufadhili. Uko ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1983, unaolipa karo na matumizi, na sharti lake ni kurejea kwao akae si chini ya miaka 2. Akikosa mwaka huu, afanye kazi, aombe tena. Kuchelewa mwaka mmoja ni kheri kuliko kuondoka na machozi ya shangazi zake.

Mzee yule aliinama, akaniambia atakwenda kuzungumza na dada zake, mama yao akiwapo. Nami nawaambia wasomaji: kijana tunayetaka akajifunze kulinda mali za watu katika mabahari, asianze safari yake kwa mali ya watu wa nyumbani mwake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Wabillahi tawfiq.